Majina na udhibiti wa dawa: Thika na Ruiru

Dawa huwa na jina la kikemia, refu na lisilomfaa mgonjwa, jina la kitaalamu, na jina la biashara. Jina la kitaalamu huteuliwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo lilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 1953. Kwenye kemisti za Thika na Ruiru wateja huomba Panadol, jina la biashara. Kiungo chake ni parasetamoli, ambayo Wamarekani huiita asetaminofeni. Kutojua hilo ni hatari. Anayemeza Panadol pamoja na dawa ya mafua iliyo na parasetamoli ndani yake anaweza kupita kiwango cha mtu mzima, gramu 4 kwa saa 24, na ini ndilo huumia. Miisho ya majina nayo huonyesha ukoo: amoksisilini ni ya jamii ya penisilini, losartani ni ya kundi la sartani, linaloshusha shinikizo la damu.

Nchini Kenya dawa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, chini ya Sura ya 244 ya sheria. Bodi hiyo pia hutoa leseni kwa wafamasia na maduka yao. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti vituo vya afya na maduka ya dawa ya ngazi ya kaunti, hivyo Kaunti ya Kiambu ndiyo inayosimamia Hospitali ya Thika Level 5. Antibiotiki kisheria zahitaji cheti cha daktari, sharti ambalo, kusema kweli, hukiukwa mara nyingi.