Waasi wa ng'ambo ya ziwa na anguko la Mobutu

Alfajiri ya Aprili 24, 1965, boti iliyotoka Kigoma ilifika Kibamba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikiwa na Wacuba wachache waliojipa majina ya namba za Kiswahili. Tatu alikuwa Che Guevara, aliyekuja kuwasaidia waasi wa Kongo. Silaha za waasi hao zilishushwa Dar es Salaam, zikaletwa Kigoma, kisha zikavushwa.

Che alikerwa na mengi, na Kigoma yenyewe haikusalimika: aliandika kwamba waasi waliupenda mno mji huu kwa pombe na wanawake. Laurent Kabila, kiongozi wa waasi ambaye Che alikuwa akimsubiri, alijitokeza Julai, akakaa siku chache, akaenda zake. Novemba 21 Wacuba wakavuka kurudi Kigoma. Siku tatu baadaye, Jenerali Mobutu akatwaa madaraka.

Kabila hakuacha. Mwaka 1967 aliunda chama cha PRP, kikajichimbia milima ya Fizi, kikiishi kwa dhahabu na pembe za ndovu. Mei 19, 1975 wapiganaji wake walivuka kuja upande wetu, Tanzania, wakateka watafiti wanne kwenye kituo cha sokwe cha Gombe. Wote walirudi hai. Mobutu hakutikisika.

Waliomtikisa hawakuwa na bunduki. Shinikizo la wananchi, pamoja na upepo wa dunia, lilimfanya atangaze vyama vingi Aprili 24, 1990, miaka 25 kamili tangu boti ile ifike Kibamba. Februari 16, 1992 waumini walijaa barabarani Kinshasa wakidai Mkutano wa Taifa wa kujadili mustakabali wa nchi, uliofungwa na serikali yake, ufunguliwe. Askari wakawamiminia risasi. Aprili ukafunguliwa, na Agosti ukamchagua mpinzani wake Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Kwa maoni yangu utawala wa Mobutu ulikufa hapo. Kilichobaki ni maziko.

Maziko yakafanywa na majirani. Vita vilipowaka Uvira Oktoba 1996, Rwanda na Uganda zilileta majeshi, Kabila akawa msemaji wa muungano wa waasi wa AFDL. Wakimbizi wakamiminika Kigoma. Novemba kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Mei 17, 1997 Kinshasa ikaanguka. Kabila akajitangaza rais, Tshisekedi na waandamanaji wale wakaachwa nje.

Mwaka huohuo meli ya MV Liemba ilibeba Wakongomani waliorejea kwao. Agosti 1998 Rwanda na Uganda zikamgeukia Kabila, na boti za wakimbizi zikaanza tena kuja Kigoma.