Gakaara wa Wanjau kizuizini

Gakaara wa Wanjau (1921–2001) alikuwa mwandishi na mchapishaji wa Kigikuyu, mzaliwa wa Nyeri na mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri. Mwaka 1940 alifukuzwa Alliance High School kufuatia mgomo wa wanafunzi, akaingia jeshi la Waingereza na kupelekwa Ethiopia, akiwa karani. Aliporudi aligeukia uandishi. Kijitabu chake *Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika* (1948) alikiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa aliowalenga hawakuwa Wagikuyu peke yao.

Gavana wa Kenya Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau mnamo Oktoba 1952, Gakaara alikamatwa katika msako ule ule uliomkumba Jomo Kenyatta. Hakushtakiwa. Alipelekwa Kajiado, mji wa reli ya Magadi katikati ya nchi ya Wamaasai. Baadaye alihamishiwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kisha kambi ya Athi River, ng'ambo tu ya Kitengela ya leo. Huko serikali ilidai kuwa inawarekebisha wafungwa kwa mahubiri na maungamo. Gakaara aliishia Hola, Tana River.

Muda wote huo aliweka shajara kwa siri, na ndani yake akahifadhi barua. Nyingine ni za malalamiko kwa maofisa wa serikali, zenye adabu ya mtu aliyewahi kushika kalamu ya ofisi na anayejua namna ya kumkera mkubwa bila kumtukana. Lakini zilizo nzito zaidi ni za nyumbani, alizoandikiana na mkewe. Barua zilikaguliwa kwanza kambini, hivyo mume na mke hawakuweza kuzungumzia siasa waziwazi. Waliandikiana habari za watoto, riziki na mwenendo wa nyumba. Msomaji asidhani hayo ni mambo madogo. Kwa Wagikuyu wa wakati ule, mwanamume aliyeshindwa kulitunza boma lake hakuwa na usemi mbele ya wazee, na ukoloni ulikuwa umemwondoa Gakaara nyumbani kwake kwa nguvu. Katika barua aliendelea kuwa baba na mwenye nyumba, akiwa mbali na bila senti mfukoni.

Baada ya kuachiliwa aliendesha uchapishaji mjini Karatina. Shajara yake ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1983, *Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ*, ikatunukiwa Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka 1984. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1988.