Kupiga Windo: Kompyuta Kuukuu na Kalenda za Watu Wengine

Huku kwetu fundi hasakinishi mfumo endeshi. Anapiga windo. Neno kusakinisha lipo, wataalamu wametutungia na wala si baya, lakini ingia stesheneri yoyote kuanzia Musoma mjini hadi Bunda, sema "naomba unisakinishie," uone utakavyotazamwa. Sema "nipigie windo" na fundi atakuuliza swali moja tu: ipi? Kitenzi ni kilekile cha kupiga pasi, kupiga deki, kupiga rangi. Yaani ni kazi ya mikono, ya kurudiwa kila uchafu unapojikusanya. Naona ndani ya kauli hiyo mna historia ndefu ya kompyuta Tanzania, na sehemu yake moja inapita Butiama.

Tuanze mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza ya nchi hii iliingia mwaka 1965, Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, imeuzwa na kampuni ya Uingereza. Miaka michache baadaye ikabidi ipishe mashine mpya zaidi ya aina ya ICT 1900, na hapo wizara ikaonja kile ambacho leo kila mwenye kompyuta kuukuu anakijua: kuhama mfumo. Hesabu za serikali zilizotakiwa kuhamia kwenye mashine hazikuhama salama. Wenyeji walioijua kazi walikuwa wachache mno, gharama zikapanda, vitabu vya mkono vikarudi mezani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Aliyeitaka ilibidi aombe kibali.

Rais wa wakati huo, hatuna haja ya kuulizana, ni Mzanaki wa Butiama. Watu hupenda kumcheka kwa hilo, eti Mwalimu aliogopa kompyuta. Mimi sikubali kirahisi hivyo. Mwaka 1974 bei ya mafuta ilikuwa imeruka duniani, ukame umepiga, nchi inaagiza chakula kutoka nje kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Kununua mashine ambayo vipuri vyake, mafundi wake na hata siku yake ya kuzeeka vinaamuliwa kwingine si jambo la kuchekesha hata kidogo.

Na Nyerere hakuwa mtu wa kuogopa kusahihisha cha zamani. Sisi wa vitabu tunalijua hilo. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari ilitoka mwaka 1963, kisha akairudia, akaipiga msasa, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata jina lenyewe lilikuwa limebadilishiwa mfumo: toleo la pili linatamkika mdomoni mwa Mzanaki, Mjita au Mkurya bila kujing'ata ulimi. Nani alimwambia kwamba toleo la kwanza limepitwa na wakati? Aliamua mwenyewe. Hilo ndilo ambalo mwenye kompyuta hana.

Lakini nisimtetee kupita kiasi. Zuio lile lilitunyima miaka ya kujifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Fundi hazaliwi darasani pekee, anazaliwa mbele ya mashine iliyofunguliwa kifuniko.

Zuio lilianza kulegea miaka ya 1980. Nyerere akaacha urais mwaka 1985 akarudi kijijini, na kompyuta zilipokuja kufika mkoa wa Mara kwa wingi, hazikuja kupitia wizara. Zilikuja kama mashati: mtumba. Dell, Compaq, HP, zenye Pentium 4 na monita za kichogo, zilizochokwa na ofisi za Ulaya na kupewa maisha ya pili kwenye stesheneri zetu, kuandika barua za maombi ya kazi, hati za kuuziana viwanja, risala za harusi. Nyingi zilikuwa na Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, au zilipigwa XP mara tu zilipotua.

Msomaji wa leo mwenye bando la simu huenda asielewe "kusasisha" kulimaanisha nini wakati ule. Chukua mfano mmoja. Mwaka 2008 Microsoft walitoa furushi la tatu la marekebisho ya XP, la megabaiti zaidi ya 300. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56, ikienda kwa ukamilifu wake wote, hilo ni zoezi la saa 12 na zaidi, mradi umeme usikatike na hakuna anayetaka kupiga simu. Mkongo wa kwanza wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na kutoka Dar hadi Ziwa Victoria ni safari nyingine. Kwa hiyo masasisho yalisafiri kwa basi. CD ilichomwa Mwanza, ikawekwa kwenye begi katikati ya nguo isikwaruzwe, ikapita Bunda, ikashushwa Musoma. Diski moja ilipiga kompyuta za mtaa mzima, kwa namba moja ileile ya leseni. Uharamia? Ndiyo. Lakini ndiyo njia iliyozifikisha kompyuta kwa watu.

Hapa ndipo kuna jambo linaloniuma kama mpenzi wa Kiswahili. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux na kwa ushirikiano na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice: programu huru ya kuandikia, menyu zake kwa Kiswahili, bure kabisa. Microsoft nao wakaja na Kiswahili chao cha kuvalisha juu ya Windows na Office. Palikuwa na mabishano matamu ya istilahi, tarakilishi au kompyuta, ngamizi ikiwa imeshasahaulika pembeni. Ungetegemea stesheneri za Mara, ambako kazi nyingi ni ya Kiswahili, zikumbatie jambo hilo. Hazikukumbatia.

Wengi husema tatizo ni kasumba. Sidhani. Nadhani tatizo lilikuwa CD ya fundi. Iliyokuwa begini ilikuwa XP ya Kiingereza, na fundi aliijua kwa vidole, kama dereva anavyojua gia: bonyeza hapa, subiri, bonyeza pale. Binti wa stesheneri naye alijifunza kwake, menyu ya pili, mstari wa nne. Umbadilishie maneno, hata kwa lugha ya mama yake, umempoteza njia. Kiswahili kilichelewa miaka michache tu, na kwenye mambo ya mazoea hiyo ni mingi.

Sasa tufike kwenye kisu chenyewe. Kupiga windo upya, kwa fundi mwenye haraka, ni kufomati. Diski ya kompyuta hugawanywa vyumba: C unakaa mfumo, D unatunza mali. Fundi anasafisha C, anaacha D. Lakini watu hawaweki kazi zao D. Wanaziweka pale usoni, kwenye desktopu, wazione wakiwasha, na desktopu iko ndani ya C. Fundi mwungwana ataita kwanza: "Shikamoo mzee. Humu ndani kuna kitu cha maana?" Na mzee, mwalimu mstaafu aliyechapisha kwa vidole viwili ngano za kwao na mpangilio wa koo zao, atajibu kwa heshima, "Marahaba mwanangu, mambo yangu yote yapo, yanaonekana hapo." Wote wawili wamesema kweli, na hawajaelewana. Dakika 40 baadaye mashine ni nyepesi kama mpya, ina ile picha ya kilima cha kijani, na desktopu ni safi kabisa.

Tunalalamika kwamba miswada ya mikoani haionekani, kwamba Mara haina waandishi. Tujiulize kwanza ni mingapi ilipotea kwa namna hii. Muswada wa riwaya nzima, maneno matupu, ulitosha kwenye diskiti ya megabaiti 1.44. Na faili la Word la mwaka 1997 bado linafunguka leo kwa LibreOffice. Kilichokosekana ni swali moja zaidi kabla ya kubonyeza.

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft waliacha kuihudumia XP. Mashine hazikusimama siku hiyo, bila shaka. Ziliendelea kuwaka huku milango ikifungwa taratibu: kivinjari kinakataa, printa mpya haina draiva, flashi ya mteja inaleta virusi visivyo na dawa. Walioweza waliongeza RAM wakapiga Windows 7, iliyohitaji angalau gigabaiti 1. Wengine walielekea Linux, ambayo kwa mashine dhaifu ndiyo tiba ninayoiamini, ingawa nako milango inafungwa: Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, na Pentium 4 nyingi ni za biti 32. Kabla ya yote hayo badilisha ile betri ndogo ya duara kwenye ubao. Ikifa, kompyuta husahau tarehe, na mashine inayoamini iko mwaka 2002 itakataliwa na karibu kila tovuti salama.

Windows 10 nayo ilifikishwa mwisho wa huduma zake za kawaida. Windows 11 inadai gigabaiti 4 za RAM na chipu ya usalama, TPM 2.0, ambayo mitumba mingi haina. Siku waliyoichagua huko Marekani ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Huku ilikuwa sikukuu, Siku ya Nyerere, miaka 26 tangu afariki. Butiama watu walikuwa kaburini kwake. Stesheneri zilizofunguliwa Jumatano ziliwasha mashine zilezile.