Nchi Jirani: Boriti za Lamu na Bati la Ng'ambo

Katika mji wa Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, nyumba za zamani zilijengwa kwa vitu vilivyopatikana karibu: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko na makuti ya mnazi. Leo mwananchi wa kawaida mjini humo anapokusudia kujenga, huuliza kwanza bei ya mfuko wa saruji, kisha bei ya bati. Badiliko hilo halikutokea kwa siku moja, wala halikuletwa na amri ya serikali yoyote. Lililetwa na bei. Ndiyo maana historia yake yastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa bei ni hoja ambayo mwenye kipato kidogo hawezi kuipuuza, na pia ni hoja ambayo mara nyingi haielezi habari yote.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba nyumba moja ya Lamu ilikuwa kazi ya watu wengi. Mawe yalichimbwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mlango wa bahari unaotazamana na mji. Tumbawe laini lililokatwa baharini, ambalo huchongeka kwa urahisi likiwa bado bichi, lilitumiwa katika miimo ya milango na katika vidaka vya kutani. Wachoma chokaa walipanga magogo kwa duara, wakarundika juu yake vipande vya matumbawe, kisha wakawasha moto. Chokaa iliyopatikana ilizimwa kwa maji, ikaachwa muda mrefu hadi ikomae, ndipo ilipofikishwa kwa waashi. Wakata boriti, wengi wao Wabajuni, waliingia kwa mashua na majahazi katika hori za Pate, Ndau na Dodori, wakakaa huko kwa majuma wakifuata kupwa na kujaa kwa maji. Makuti yalishonwa vijijini, mara nyingi na wanawake. Seremala alichonga mlango, na mwashi akasimamisha kuta.

Miti yenyewe ilikuwa na elimu yake. Ilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Kila aina ilikuwa na kazi yake, na yote iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mkata miti aliyekosea kipimo alipata hasara sokoni. Urefu wa boriti ndio uliopima hata upana wa chumba. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, na upana wake kwa kawaida haufiki mita 3, kwa sababu boriti ndefu kuliko hapo ingepinda chini ya uzito wa dari ya mawe na chokaa.

Haifai hata hivyo kuusifu wakati huo kupita kiasi. Majumba mengi makubwa ya Lamu ni ya karne ya 18, na utajiri ulioyajenga ulitegemea kwa sehemu kubwa jasho la watumwa, mashambani na katika ujenzi wenyewe. Mwaka 1907, wakati hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya, mabwana wa mji walikuwa tayari wameanza kudhoofika, na ujenzi wa majumba ya namna hiyo ukapungua sana. Kwa hiyo bati na saruji havikuuangusha ufundi uliokuwa katika kilele chake. Viliukuta umekwisha kupoteza wateja wake matajiri, ukiishi kwa kazi ndogo ndogo za mjini na kwa biashara moja kubwa ya ng'ambo.

Biashara hiyo ilikuwa ya boriti. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj. Tangu hapo, kwa karne nyingi, nchi za Ghuba zisizo na misitu ziliezekwa kwa mikoko ya Afrika Mashariki. Waarabu wa huko waliiita miti hiyo chandali. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakarejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Delta ya Rufiji, katika Tanganyika ya wakati ule, ilikuwa na sehemu yake katika biashara hiyo. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait lililoingia Rufiji, likapakia boriti na kurudi nazo Ghuba. Ukienda katika nyumba za zamani za Kuwait, Bahrain au Muscat, utakuta vyumba vyembamba vya kipimo kile kile cha Lamu, kwa kuwa mti uliovipima ulikuwa mmoja.

Pigo la kwanza kwa wakata boriti lilitoka kwa wateja hao. Mafuta yaligunduliwa Bahrain mwaka 1932 na Kuwait mwaka 1938. Kuwait ilianza kuyauza nje mwaka 1946, na Oman mwaka 1967. Fedha za mafuta zilinunua saruji na nondo, na dari ya zege haikujali tena urefu wa mkoko. Mfanyabiashara wa Kuwait ambaye baba yake alihesabu korija za boriti, yeye alihesabu tani za chuma. Boriti haikuwa imepanda bei, wala ubora wake haukupungua. Ilikosa tu mahali pa kwenda. Majahazi makubwa yakazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Hatimaye, mwaka 1982, serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nchi za nje ili kuinusuru misitu ya mikoko. Amri hiyo ilikuwa na sababu ya haki, kwani bandu bandu huisha gogo. Lakini kwa vijiji vya Lamu ilifunga mlango ambao ulikuwa umebaki wazi kidogo tu.

Pigo la pili lilikuja nyumbani kwenyewe. Bati la migongo lilibuniwa Uingereza, na Henry Palmer alipata hati ya ubunifu huo mjini London mwaka 1829. Lilifaa sana mahitaji ya dola za kikoloni: lilipangika vizuri ndani ya meli, halikuhitaji fundi wa miaka mingi, na mtu mwenye nyundo na misumari aliweza kuezeka bohari kwa siku chache. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ililipeleka bara, na Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilikuwa mwanzoni mji wa mabati. Pwani nako bati liliingia taratibu, kwanza juu ya maofisi na maduka, baadaye juu ya nyumba za watu wa kawaida. Wasioweza kulinunua walipasua madebe ya mafuta ya taa, wakayanyoosha na kuyapigilia juu ya paa.

Saruji nayo ilikuja kwa meli. Kisha, mwaka 1954, kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kikaanza kuitengeneza nchini. Hapa pana jambo la kuzingatia. Kiwanda hicho kilitumia mawe ya matumbawe ya kale ya pwani, jamii ile ile ya mawe ambayo wachoma chokaa waliyajua tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni mahali pa moto. Kazi iliyokuwa ikifanywa katika matanuri mengi madogo, kila kijiji na tanuri lake, sasa ilifanywa katika tanuri moja kubwa, na mtu wa Lamu akawa mnunuzi wa kile alichokuwa akikitengeneza. Kwa bati hali ni hiyo hiyo kwa njia nyingine. Viwanda vya Kenya hulikunja na kulipaka zinki au rangi, lakini chuma chenyewe kwa sehemu kubwa hununuliwa ng'ambo.

Je, wananchi wa Lamu walikosea kuchagua bati na saruji? Jibu la haki ni kwamba walikuwa na sababu nzito. Paa la makuti hudumu miaka michache tu, kisha hutaka kuezekwa upya. Katika mtaa wa Langoni, kusini mwa mji, ambako nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti zilizosongamana, cheche moja ya jikoni iliweza kuuteketeza mtaa mzima. Bati halishiki moto kama kuti, na maji ya mvua yanayotiririka juu yake huweza kukingwa na kunywewa, jambo lisilo dogo katika kisiwa ambacho maji yake matamu ni machache. Saruji hushika upesi, na mjenzi hana haja ya kungoja chokaa ikomae. Mama mwenye watoto chini ya paa linalovuja hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya kuhifadhi mila. Wahenga walisema kipya kinyemi, lakini katika jambo hili kipya kilikuwa pia na manufaa ya kweli.

Hata hivyo manufaa hayo yalikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika risiti ya duka. Mtu aliyejenga kwa mawe ya Manda, chokaa ya jirani, boriti za Pate na makuti ya kijijini, fedha zake zilizunguka katika visiwa vile vile. Mchoma chokaa alinunua samaki, mvuvi akanunua makuti, na mshona makuti akalipa fundi. Anayenunua bati na saruji humlipa mwenye duka faida yake, mchukuzi ujira wake, na fundi siku chache za kazi. Sehemu kubwa ya fedha iliyobaki huondoka mjini na haionekani tena. Nyumba imekuwa rahisi kwa anayeijenga, na mji umekuwa maskini zaidi kwa kila nyumba inayojengwa. Mambo hayo mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye ugumu wa suala hili.

Gharama nyingine hujitokeza baada ya miaka. Bati ni joto mchana, na hewa ya chumvi hulila hadi likatoboka. Nondo zilizofukiwa katika zege hafifu hushika kutu, kutu hiyo hutanuka, na zege hupasuka. Kubwa zaidi ni madhara ya saruji juu ya kuta za kale. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukipakwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, lipu huvimba na kubanduka, na jiwe lenyewe huanza kumung'unyika. Wenye nyumba wengi walitumia saruji wakidhani wanaimarisha ukuta, kumbe walikuwa wakiudhuru. Aliyejua kasoro hiyo alikuwa fundi wa chokaa, na huyo ndiye aliyekuwa amekwisha kukosa kazi.

Ndipo ikaja zamu ya kumtafuta. Mwaka 1986 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalichapisha mpango wa kuuhifadhi mji mkongwe wa Lamu, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Matengenezo ya nyumba za kale yalihitaji chokaa, boriti na mikono iliyojua kazi. Wageni kutoka Ulaya na kwingineko walinunua majumba mjini na katika kijiji cha Shela, wakataka vidaka, dari za boriti na sakafu za chokaa kama zamani. Mafundi wakapata kazi tena. Lakini ufundi huo sasa umehamia upande wa wenye fedha. Paa la makuti, lililokuwa alama ya unyonge, limekuwa pambo la hoteli, na mjukuu wa mshona makuti hulala chini ya bati.

Wala kurudi nyuma moja kwa moja hakuwezekani. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mikoko hiyo ndiyo mazalio ya samaki na kinga ya ufuko. Kuchimba matumbawe hai baharini ni kuharibu makao ya samaki. Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakata mikoko wa Lamu walijikuta wamo ndani ya amri hiyo, ingawa wengi wao hawakuwa na riziki nyingine. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba mpaka leo wapo watu ambao chakula chao hutegemea kipimo cha fito na boriti, na kwamba sheria ya msitu isiyomhesabu mkataji huacha nusu ya kazi bila kufanywa. Mkoko hukua tena ukikatwa kwa mpango, na anayejua mpango huo vizuri ni yule anayeingia horini kila msimu.

Historia ya Lamu basi haiwafundishi jirani zake kuchukia bati, wala kuota ndoto za majumba ya karne ya 18. Inawafundisha namna ya kuhesabu. Bidhaa ya ng'ambo inapoingia kwa bei nafuu, hesabu isiishie kwenye kaunta ya duka. Yapasa iulizwe ni mikono mingapi itakayoachwa bila kazi, fedha itakwenda wapi baada ya kulipwa, na elimu itakayosahauliwa itanunuliwa kwa bei gani siku itakapohitajika tena. Chuo cha ufundi kinachofundisha saruji peke yake katika mji wa chokaa kinaandaa uharibifu wa mji huo. Halmashauri inayonunua saruji kwa ukarabati wa ukuta wa kale itaulipia ukuta huo mara mbili.

Maswali hayo yanawahusu pia watu wa Rufiji waliokata boriti kwa majahazi yale yale, na watu wa Kilwa na Bagamoyo wanaoishi kando ya kuta za matumbawe na chokaa. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema wahenga. Watu wa Lamu hawakuuacha mbacha wao kwa ujinga. Waliuacha kwa sababu msala ulikuwa nafuu na mvua ilikuwa inanyesha. Walio na nafasi ya kutafakari kabla ya mvua kunyesha ndio wenye wajibu wa kuifanya hesabu yote.