Bao Kasanga: sheria hubadilika ukivuka mpaka

Ukishuka kutoka Sumbawanga kupitia Matai unafika Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyoitwa Bismarckburg enzi za Wajerumani. Mbele kidogo ni Zambia, na huko bao lina ndugu yake, nsolo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, mara nyingi komwe. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni (6 ziko kwenye nyumba) na 22 mkononi. Kwanza ni kunamua, kuingiza kete moja moja. Zikiisha mkononi ndipo mtaji. Ukiishiwa kete safu ya mbele, umefungwa. Kinachowatoa jasho wageni ni hiki: kete ulizokula hazitoki, unazisambaza upande wako. Dakika mbili tu mwenzako kazirudisha zote.

Kwenye nsolo, nayo ya safu nne, kete iliyoliwa hutolewa kabisa.

Sheria hizi watu huzipata kwa kukaa na wazee wakicheza, ndiyo maana drafti, inayotaka ubao wa kuchora na vizibo vya soda tu, inawavuta vijana haraka. Anayeanza huanzia bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, hakuna kunamua.