Chupa, Kopo na Mbeta

Huko kwetu, kwenye vilima vya Lupembe, pombe na chombo chake vilitoka kwenye mmea mmoja. Mlanzi ni mwanzi. Msimu wa mvua chipukizi lake hukatwa ncha, na utomvu huanza kudondoka. Mgema hufunga kipande cha mwanzi uliokomaa chini ya kidonda, kipande ambacho wenyeji wanakiita mbeta, kisha anaondoka zake. Akirudi anakuta mbeta imejaa, analipunguza tena chipukizi kidogo ili kidonda kisikauke, anakinga upya. Ulanzi wa saa chache ni mtamu, hata mtoto ananyweshwa. Huo ni mtogwa. Ukilala siku moja au mbili unakuwa mkangafu, na hapo mtoto hapewi tena.

Mbeta haikutengenezwa ili izibe kitu. Kazi yake ni kupokea. Nalitaja hili mapema kwa sababu mambo mengine yote nitakayoandika hapa yanahusu vyombo vilivyotengenezwa ili vizibe.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia Dar es Salaam, na mama yangu alizaliwa Matembwe. Mwaka jana kaka yangu mmoja wa huko, mtoto wa mama mkubwa, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Yeye na vijana wenzake wanataka kuuza ulanzi Njombe mjini na Makambako, uwe na lebo na jina, kama wanavyofanya vijana wa Nairobi na Kampala wanaopika bia zao wenyewe katika viwanda vidogo. Walikuwa wamekwama mahali pamoja. “Mdogo wangu, wewe ndiye msomi,” alisema, “hebu tuambie, chupa au kopo?” Yeye mwenyewe alikuwa upande wa kopo. Kopo, alisema, ndiyo dunia ya leo.

Kwa sayansi peke yake, kaka ana hoja. Maadui wakubwa wa bia ni mwanga na hewa. Mwanga ukizifikia kemikali chungu zinazotokana na hopsi, bia huanza kunuka kama kicheche. Ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za kahawia, rangi inayozuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani inazuia kidogo, na nyeupe haizuii kitu. Kopo halipitishi mwanga hata chembe. Hewa nayo hupenya polepole sana pembeni mwa kizibo cha chupa, ilhali kopo lililofungwa vizuri halipitishi. Halafu kuna uzito: kopo tupu la mililita 330 lina gramu kumi na kitu tu, na chupa tupu ya nusu lita hupita gramu 300. Wanaolalamika kwamba bia ya kopo ina ladha ya bati wanasahau kwamba ndani ya kopo kuna utando unaotenganisha bia na chuma. Bati wanalolionja liko mdomoni mwa kopo. Wamimine kwenye glasi.

Utando huo ndio uliolichelewesha kopo. Bia ya kwanza ya kopo iliuzwa Richmond, Virginia, tarehe 24 Januari 1935, na kampuni ya Krueger. Kabla ya hapo mafundi walihangaika kutafuta bati lisiloharibu bia na lisilopasuka kwa mgandamizo wa gesi. Kopo la siku hizo lilikuwa zito na lilitobolewa kwa chuma maalumu. Kile kipete cha kuvuta kilikuja baadaye, kutoka kwa Ernie Fraze wa Ohio. Kwa miaka mingi wapika bia wadogo wa Marekani walilidharau kopo wakiliona ni la bia za bei rahisi, mpaka mwaka 2002 kiwanda kidogo cha Oskar Blues, Colorado, kilipoanza kujaza makopo kwa mashine ya mkono. Leo mambo yamegeuka, na kopo ndilo sare ya bia za mafundi. Picha alizokuwa akiziona kaka yangu kwenye simu zimetoka kwenye historia hiyo. Ni historia nzuri, ila si ya barabara ya Lupembe.

Chupa ilifika Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na bia yake ikaja kuitwa Tusker baada ya George Hurst, mmoja wa waanzilishi, kuuawa na tembo mwaka 1923. Dar es Salaam ilipata kiwanda chake katika miaka ya 1930. Lakini chupa haikuwa ya kila mtu. Nchini Kenya sheria ilimzuia Mwafrika kunywa bia ya chupa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940; cha kwake kilikuwa kilabu cha pombe ya kienyeji, chini ya uangalizi wa serikali ya mji. Kioo na kizibo vikawa mpaka kati ya watu. Waliokuja kuruhusiwa kuuvuka hawakuwa wakinunua bia tu, na nadhani ndiyo maana mpaka leo mzee wa kijijini akipata hela ya mazao huagiza bia ya chupa na kuiacha mezani isimame muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Azimio la Arusha la 1967 liliiingiza serikali kwenye kiwanda cha bia, kama lilivyoiingiza kwenye mengi. Kisha zikaja shida baada ya Vita vya Kagera. Wajomba zangu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 kwa sukari, sabuni na chupa tupu. Bia ilikuwa adimu, chupa yenyewe adimu zaidi, na usipokuja na tupu hukupewa iliyojaa. Mjomba mmoja anadai alikuwa na chupa zake tatu alizozihifadhi chini ya kitanda, na kwamba zilikuwa na heshima kuliko hela. Ukimsikiliza unadhani anasimulia habari za ng'ombe.

Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, mwaka 1984, makopo ya bia yakaanza kuonekana katika nyumba za wenye nafasi. Likishanywewa halikutupwa. Lilipangwa juu ya kabati pamoja na wenzake, lebo zikitazama sebuleni. Umaridadi wa kopo ulikuwa huo: halidaiwi na mtu. Chupa ilikuwa ya kiwanda, wewe umeazimwa. Kopo lilikuwa lako.

Ila kopo lilikuwa limeshaingia kwenye pombe ya Afrika Mashariki kwa mlango wa nyuma, kabla ya hayo yote. Neno lenyewe ni la Kireno na maana yake ni kikombe. Mabati ya mafuta ya taa yakawa madebe, na debe likawa kipimo cha mahindi na cha pombe. Makopo ya mafuta ya kupikia na siagi yakawa vikombe vya kilabuni. Hakuna aliyewafundisha watu wetu faida za bati. Walilifungua mfuniko na kulirudisha kwenye kazi ya mbeta, kupokea na kupitisha. Mwanahistoria anayesema kopo la bia ni jambo geni kwetu hajakaa kilabuni.

Rudi sasa Matembwe uangalie hesabu. Kijiji kina umeme wa maji tangu miaka ya 1980, uliojengwa kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia, kwa hiyo friji si ajabu. Lakini Njombe ni baridi. Sifa moja inayotangazwa sana ya kopo ni kwamba linapoa haraka, kwetu mhudumu anakuuliza “baridi au moto?” na mwezi wa saba nusu ya grosari inajibu moto. Hiyo sifa haituhusu.

Inayotuhusu ni safari ya kurudi. Gari la bia linapanda kutoka Makambako, mahali barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya na reli ya TAZARA inapopita, likiwa limejaa. Lazima lishuke. Likishuka na kreti za chupa tupu, chupa ileile inaoshwa na kujazwa tena, mara nyingi sana. Mwenye grosari ameweka hela yake kwenye chupa na kreti, kwa hiyo hakuna chupa inayolala mtaroni. Mtoto ataiokota kabla ya jua kuzama. Kopo nalo huokotwa, hasa mjini, na huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Alumini ikiyeyushwa upya inaokoa sehemu kubwa mno ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini. Lakini kilo moja ni makopo mengi, na kijiji chenye grosari tatu hakifikishi kilo upesi. Kopo linahitaji mji. Chupa inaweza kuishi na barabara moja tu.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kumjibu kaka: chupa. Kizibo kinafungwa kwa mashine ya mkono inayokaa juu ya meza. Kopo linataka mashine ya kukunja ukingo kwa usahihi wa hali ya juu, na makopo yenyewe huchapishwa kwa oda kubwa zisizolingana na vichaka vitatu vya milanzi. Mfano upo pia. Arusha kuna kiwanda kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutia pombe ya ndizi kwenye chupa, na Raha yake ikapata nafasi kwenye rafu.

Kilichonizuia ni ulanzi wenyewe. Bia ya kiwandani ikifika kwenye chupa imeshatulia: imechujwa, na kwa kawaida imepashwa moto kwa njia yenye jina la Pasteur, ili chachu na bakteria zisiendelee na kazi. Ulanzi hautulii. Unaanza kuchacha ndani ya mbeta kabla mgema hajarudi, na unaendelea mpaka uwe siki. Ukiuziba, gesi inatafuta pa kutokea. Kila aliyepanda basi la Njombe msimu wa mvua anajua mlio wa dumu lililofungwa na mtu asiye mwenyeji. Ukitaka kuuweka kwenye chupa lazima uuchemshe au uuchuje, na ukishauchemsha, mtogwa na mkangafu vimekwisha vyote viwili. Kinachobaki ni kinywaji cha tatu, kisicho na jina kwa Kibena.

Mtu atasema jina litapatikana. Labda. Lakini nimesoma vya kutosha kujua kwamba nchi hii huhukumu vileo kwa chombo. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, na ilikuwa na sababu: viliingia mfukoni mwa mwanafunzi na mwa dereva wa bodaboda. Pombe iliyokuwa ndani ya kiroba haikupigwa marufuku. Iliendelea kuuzwa kwenye chupa. Tangu 2019 bia hubeba stempu ya kodi ya kielektroniki, na stempu inataka kitu cha kubandikwa. Mbeta haina pa kubandika. Kila hatua ya namna hii, hata ikiwa na nia njema, inakiona kilichozibwa na kukipita kilicho wazi, na kilicho wazi kinabaki “pombe ya kienyeji”, cha wazee na wasio na hela, hata kiwe kimetengenezwa kwa ustadi ambao kijana wa Colorado angeuandikia kitabu.

Nilimrudishia kaka ujumbe wa dakika sita. Nilimwambia, ukilazimika kuchagua, chagua chupa, ya kahawia, na uweke hela ya chupa kwenye bei tangu siku ya kwanza. Halafu nikamwambia kwamba mimi ningejaribu kwanza kuwaleta watu wa Njombe mjini kwenye ulanzi badala ya kuupeleka: kilabu safi stendi, dumu la asubuhi na dumu la jioni, bei mbili, mtogwa na mkangafu. Alicheka. Akasema hivyo ndivyo mama mkubwa anavyosema, na mama mkubwa hajasoma.

Wameshanunua mashine ya kufunga vizibo, ya mkono, na vijana wawili wanafanya majaribio ya kuuchemsha kwa moto mdogo. Wakati huohuo ulanzi wa msimu huu unashuka Njombe kwenye madumu ya lita 20, kizibo kimelegezwa nusu mzunguko, na konda anadai nauli ya mzigo.