Speke na Maporomoko ya Jinja

Maporomoko aliyoyafikia John Hanning Speke tarehe 28 Julai 1862, pale Mto Naili unapotoka katika ziwa la Nyanza, yako mbali na Shinyanga. Lakini swali lililompeleka huko lilizaliwa katika mbuga za Usukuma. Mnamo tarehe 9 Julai 1858 aliondoka Kazeh, karibu na Tabora, akimwacha mwenziwe Richard Burton aliyedhoofishwa na maradhi. Wafanya biashara Waarabu walikuwa wamekwisha kuwaambia habari za ziwa kubwa la kaskazini. Speke akashika njia ya Usukumani, na tarehe 3 Agosti, juu ya kilima karibu na Mwanza, akayaona maji. Papo hapo akaamini kuwa hayo ndiyo asili ya Naili. Hakulizunguka ziwa, wala hakuona mto ukitoka ndani yake. Tarehe 25 Agosti alikuwa amekwisha rudi Kazeh.

Hata kuuliza kulikuwa kazi. Speke hakujua Kiswahili. Alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, na bwana wake alipokufa akawa huru. Bombay aliyageuza maneno kwa Kiswahili, na kwa wasiokijua yaligeuzwa tena. Maneno yaliyopita vinywa vingi namna hiyo ndiyo yaliyopelekwa London. Burton alipoyatilia shaka hakukosa sababu, ingawa kuhusu ziwa lenyewe alikosea.

Speke alirudi mwaka wa 1860 pamoja na James Grant. Uzinza, nchi ambayo sehemu yake leo imo katika mkoa wa Geita, iliwachosha kuliko nyingine: maradhi, wapagazi kukataa kuendelea, na hongo isiyokwisha. (Watawala wale hawakuwa na haja ya kujua Naili inatoka wapi, mgeni alipita katika nchi yao, naye alipaswa kulipa.) Baadaye wakapokewa vizuri na Rumanika wa Karagwe. Mwishowe Speke akayafikia maporomoko bila Grant, lakini Bombay alikuwapo. Wenyeji waliyaita Mawe, na jina la mji wa Jinja limetokana na neno hilo. Speke aliyaita Ripon, kwa heshima ya bwana mkubwa wa Uingereza.

Tarehe 16 Septemba 1864 Speke na Burton walikuwa wakabiliane mbele ya wataalamu mjini Bath. Siku moja kabla yake Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Stanley alilizunguka ziwa mwaka wa 1875, na dai la Speke likapata nguvu. Maporomoko yenyewe yalizama baada ya bwawa la Owen kukamilika mwaka wa 1954.